Mi njo nilichoma zile kaye

Ku kilio ya Profesa Mwamba, kule mu mutaa ya Golf, balinipatia kiti ya mbele. Juu niko muzee, na juu banajua mi, Mama Ngoie, nitachekesha bantu. Kilio ya hapa Lubumbashi iko vile: banalia asubuyi, banacheka muchana, kisha banalia tena wakati sanduku inatoka mu nyumba. Mi niko wa muchana. Nilikuwa nimeshabaambia namna marehemu alijifunza kupiga mashini na kidole moya, sawa kuku inadona mahindi, na bantu balikuwa banajifuta machozi ya kucheka. Kisha sahani ya bukari, ugali ya hapa, na sombe ikafika ku magoti yangu, na mwalimu moya kijana wa ku iniversite akasimama, shati ya mikono mirefu mu joto yote ile. Akasema asema: "Wakati ya bujana yake, Profesa alifanyaka kazi na muzee moya, Mwalimu Kalenga. Bale babili balibishana mwaka muzima juu ya namna ya kutosha kitabu mu Kifaransa na kuiingiza mu Kiswahili ya shiye bantu ba hapa, na mabishano yote balikuwa banaandika mu kaye, daftari za masomo. Kaye tatu. Kama tungekuwa nazo leo, njo ingekuwa mali ya kufundishia batoto betu. Lakini muzee, tusimuhukumu, alizificha. Alikufwa nazo." Bantu bakatikisa vichwa. Mama moya karibu yangu akasema: "Wazee ba zamani, choyo!" Na bukari ikasimama mu koo yangu, haipande, haishuke. Kapinga, mutoto mwanamuke wa Profesa, mwenye yeye pia sasa eko na mvi, akaniletea mayi, akanipiga-piga mugongo. "Mama Ngoie, kula pole pole. Hakuna mwenye anakunyanganya." Nikakunywa. Nikasema kitu ya kuchekesha, sikumbuke tena nini. Bakacheka. Na mu moyo nilikuwa nasema: Ngoie, uko mubaya.

Juu Mwalimu Kalenga hakuficha kitu. Mi njo nilichoma zile kaye.

Habari ya kwetu na ya wazazi bangu nitaiacha, haina chumvi. Nitaanzia mu ule mwaka serikali ilituambia tuache majina ya Bulaya. Mi nilikuwaka Bernadette mpaka siku ya kazi moya, ni kusema Jumatatu, na siku ya kazi mbili nikakuwa Ngoie, na hakuna kitu kingine ilibadilika, hata viatu. Nilikuwa na miaka makumi mbili na moya. Masomo yangu iliishia katikati, sawa daraja yenye balianza kujenga na simenti ikaisha: mwaka wa tatu wa sekondere, ku masere, bale bamasista, kisha mulango. Lakini masere balikuwa bamenifundisha mashini ya kuandika, na ile njo iliniingiza mu chumba moya nyuma ya imprimeri, nyumba ya kuchapa vitabu, pale mu vile, katikati ya muji, karibu na posta. Chumba ya dirisha moya. Dirisha yenyewe iliangalia ukuta ya bulanjeri, kwa hiyo ulikuwa hauone kitu, lakini ulisikia harufu ya mukate tangu saa mbili, na saa ine ulikuwa unataka kula meza. Ku ukuta kulikuwa foto ya mukubwa wa inchi, sawa ku ukuta yote. Chini yake kiti ya mikono, ya Mwalimu. Kando yake kitabureti chenye muguu moya mufupi, ya Profesa. Mi nilikuwa nyuma ya mashini, nzito sawa mbuzi mwenye mimba, na masikio yangu ilikuwa wazi kabisa, juu hakuna mwenye alilipaka daktilo, mupiga-mashini, afunge masikio.

Mwalimu Kalenga alitoka kule kaskazini, mu familia ya bantu ba treni. Yeye mwenyewe alikuwaka karani ya treni, tena katekista. Diplome hakuwa nayo hata moya. Lakini tangu bujana yake alikuwa anatosha maneno mu Kifaransa na kuiweka mu Kiswahili: sheria ya treni, katekismu, barua za bamama ba mu Kenya, komini ya hapa Lubumbashi yenye aliikala. Alikuwa na koti nyeusi moya, na nyuma ya sikio kreyo mwekundu, kalamu ya kuchonga. Profesa Mwamba alikuwa na miaka makumi tatu na kidogo, ametoka Bulaya juzi-juzi, abakosti, koti ya ule wakati bila kravati, imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nayo nyanya, na biki ya bulu mu mufuko. Kampani moya ya shimo ya madini ilikuwa imeleta kitabu kidogo cha kuchunga maisha ku kazi: vaa kofia, usiingie mahali hapa, mutumishi afanye hivi. Ku Kifaransa. Balitaka ku Kiswahili ya hapa, yenye mutumishi anasoma na kusikia. Ilikuwa kazi ya miezi mbili. Ilikula mwaka.

Ilikula mwaka juu ya namna yabo ya kutumika. Mwalimu alikuwa anaandika mu kaye, katikati ya ukurasa, na kando anaacha ukingo mukubwa. Profesa anasoma, na mu ukingo anaweka na biki ya bulu: *Juu ya nini?* Haikuwa "mubaya", haikuwa "kosa". Ile ilikuwa sheria ya Mwalimu tangu siku ya kwanza, nilisikia na masikio yangu: "Mutoto wangu, usiniambie asema ni mubaya. Niulize juu ya nini. Kama sina jibu, nitaifuta mi mwenyewe." Kisha Mwalimu anajibu chini na kreyo mwekundu. Profesa anarudia na bulu. Mwekundu tena. Ukurasa fulani ukingo ulijaa, maneno ikazunguka juu, ikashuka ku upande ingine sawa siafu imetafuta njia. Ulikuwa unazungusha kaye mu mikono sawa sukani ya kamio juu ya kusoma.

Saa sita tulikuwa tunakula pamoya. Mi njo nilikuwa naleta bukari mu sahani imefunikwa, na samaki ya thomson, ile ya kutoka mu frigo, na matembele. Siku za kwanza Profesa alitumia kanya, uma ya Bazungu. Mwalimu alimuangalia tu, na siku ya tatu kanya ikabaki mu mufuko. Na pale juu ya bukari njo mabishano ilikuwa tamu. Siku moya nitaibeba mpaka ku kaburi.

"Mwalimu," Profesa alisema, "Kifaransa inasema: kila mutumishi njo mwenye kujichunga yeye mwenyewe."

"Niliisoma."

"Weye unaandika: kila muntu achunge mwenzake. Juu ya nini?"

Mwalimu akakanda bukari polepole. "Juu mi nilizika bantu ba mu shimo. Mu giza ile unajiona? Mwenzako njo anakuona. Na tena, sikiliza hii neno ya Kifaransa vizuri. Siku muntu atakufwa, hii neno itasimama mbele ya bibi yake na kusema: kosa ni ya maiti."

"Inawezekana. Lakini haiko neno ya shiye, Mwalimu. Shiye tunabeba tu. Mwenye kubeba muzigo wa bantu haufungue mu njia."

"Mwenye kubeba bila kufungua, siku moya atabeba nyoka."

Mi nilicheka, punje ya bukari ikatoka ku pua. Lakini Profesa hakucheka. Alifikiri. "Basi sikia, Papa. Tukibadilisha, mutumishi atasoma neno muzuri, atazani kampani inamupenda sawa ndugu. Hatajua kama mu Kifaransa balimuandikia kitu ingine. Shiye njo tutakuwa tumemufunga macho. Afazali aone nyoka."

Mwalimu akaacha kukula. Nilizani amekasirika. Kumbe macho ilikuwa inang'aa sawa mutoto mwenye amepewa sukari. "Ee! Ile... ile iko na mifupa. Ngoie, acha kutafuna, andika: leo Profesa alinipiga."

Niliandika na vidole ya samaki; alama ya mafuta ilibaki ku ukurasa. Na kesho asubuyi, mbele hata ya kuvua kofia, Mwalimu akaingia: "Profesa! Sikulala. Niko na majibu mbili."

Mi, na akili yangu ya mwaka wa tatu, nilizani bantu banabishana juu moya ashinde. Bale babili, siku mwenzake alishindwa kujibu, huzuni ilikuwa ya mwenye kushinda. Ile neno ya kuchunga balibishania miezi tatu. Mwishoni habakupatana. Mwalimu akaandika chini: *Tuache zote mbili. Wenye kuja nyuma ya shiye bajue kama tulishindwa hapa, na bapime.* Nilisoma, nikaona ni kitu ya wazee. Leo najua kama ile mustari moya njo ilikuwa mali yote.

Basi. Patroni wa imprimeri akachoka, akasema ifike ku mwisho. Profesa alikuwa na safari ya Bulaya, miezi tatu. Akaweka kaye ku meza yangu, akaniambia: "Ngoie, piga yote." Akaenda. Yote. Muntu mwenye masomo muzima angesikia yote, na ukingo ndani. Mi nilisikia na masikio ya masere. Ku masere, kazi yote ulikuwa unaandika mara mbili: bruyo kwanza, yenye kuchafuka, yenye kufuta-futa, kisha propre. Ukileta propre yenye doa moya, reglo, rula ya mbao, ku vidole. Na bruyo, ukimaliza, unaibeba weye mwenyewe mpaka ku shimo ya moto nyuma ya jikoni, masere anasimama pale, anaangalia mpaka ikuwe majivu. Bruyo ni haya. Ni sawa nguo ya ndani: iko, lakini hauioneshe wageni. Mi, mwenye nilifukuzwa, nilitaka mara moya mu maisha yangu kufanya propre yenye hata masere angelia. Na nilifanya. Mama yangu, ilikuwa muzuri! Katikati ya ukurasa tu, ukingo mweupe, safi, sawa kitanda ya ospitali. Na pale pa kuchunga, pale balisema tuache zote mbili, mi nilichagua moya. Nilichagua ya Profesa. Unataka kujua juu ya nini? Juu iliingia mu mustari moya. Ya Mwalimu, vile aliitengeneza mu mwisho, ilikuwa inavuka na maneno mbili.

Siku ya posho, ni kusema samedi, Jumamosi, ilikuwa salongo: kila muntu kufagia, kukata majani, na muntu wa parti anapita kuangalia. Nilifagia uwanja ya nyuma. Majani ilikuwa mabichi, haikukubali moto. Nikakumbuka kaye. Propre iko, bruyo ya nini tena? Nilizipasua katikati juu zishike vizuri. Zilishika vizuri. Muntu wa parti akapita, akasema: "Sitwayeni Ngoie, hapa ni safi kabisa." Na neno yenye inaniuma kupita zote ni hii: nilikuwa naimba.

Siku ya kazi moya Mwalimu akaingia, kreyo nyuma ya sikio, anatembea haraka. "Ngoie binti yangu, nipatie kaye ya pili. Nimepata kitu mu njia, kabla haijapotea."

Ningesema. Neno moya. Angelia pengine, angenipiga na kofia, kisha tungeikala babili na kukumbuka, juu yeye alikuwa nazo zote mu kichwa, mi nilikuwa na nusu. Lakini niliona ule mukono umenyooka, na kinywa ikasema yenyewe: "Profesa alikamata, Papa. Alipita samedi, akazibeba zote."

"Alienda nazo Bulaya?"

"Ee."

Akaikala mu kiti ya mikono. Unapashwa kujua: mwaka wote bantu ba mu Kenya balikuwa banamuambia, Muzee, bale benye masomo banakuja kukunywa akili yako, kisha banaenda kuitapika Bulaya na jina yabo juu ya kitabu. Na yeye alikuwa anabajibu: "Huyu haiko vile. Huyu ananiuliza juu ya nini." Sasa aliangalia kitabureti, kisha mi. "Hakuniaga," alisema. Tu ile. Kisha akatosha kreyo nyuma ya sikio, akaitia mu mufuko ya koti. Mwezi moya nyuma kitabu kikatoka ku mashini. Nilimupelekea ya kwanza, karatasi ingali na joto. Alifungua mahali moya tu. Alisoma ile neno ya kuchunga, ya Profesa peke yake, imesimama safi mu mustari yake. "Kumbe alimaliza mabishano bila mi." Na alikuwa na haki ya kuzani vile, juu mi njo nilikuwa nimemupatia haki yenyewe mu sahani.

Profesa alirudia na sanduku kidogo ya kreyo myekundu, ya Bulaya, kumi na mbili, imepangwa sawa samaki mu bwata ya bati. Za Mwalimu. "Eko wapi? Na kaye?" Bongo ya kwanza, ule uongo wangu, inazaa, ndugu zangu, haikuwe tasa. Nikasema: "Mwalimu alizibeba ku nyumba." Akafurahi! "Basi anaendelea kuandika. Twende, unioneshe njia." Na mi nilienda. Nilitembea mbele yake mpaka Kenya na miguu yangu hii, naongea mizaha njia yote.

Mwalimu alikuwa mu lupango, uwanja ya nyumba yake, ku kiti, anapunga mahindi. Alisimama. Hakusema "mutoto wangu". Alisema: "Karibu, Sitwayeni Profesa." Niliona Profesa amepokea ile neno ya parti, ya kuitia kila muntu, sawa mayi ya baridi mu shingo. Balipeana habari za safari, za bibi, za batoto. Kisha Profesa akasema na sauti ya chini: "Mwalimu, nilikuja juu ya kaye zetu."

"Kaye zetu." Mwalimu akapuliza maganda. "Muntu anakuja kuuliza kitu yenye mwenyewe anajua iko ku nani?"

Profesa akazani anamuambia: kazi ilikuwa ya mi, haiko ya weye. "Kama Papa haoni vema tuendelee," akasema, "mi siwezi kulazimisha muzazi."

"Hakuna mwenye kulazimisha. Mwenye akili anajua yenye alifanya."

Kama bangekuwa bantu ba matusi, kitu ingejulikana mu dakika tano. Moya angesema, mwizi, weye njo uko nazo. Mwingine angesema, mi? Ngoie njo aliniambia! Na macho ine ingenigeukia. Lakini mutoto hamuambie muzee kama anaficha, na muzee hamulombe mutoto kitu yenye amenyanganywa. Heshima yabo njo iliniokoa, na heshima yabo njo ilibauwa. Mi nilikuwa nimesimama katikati, hatua tatu ku kila upande. Niliangalia kuku. Ilikuwa kuku ya shingo bila manyoya. Naikumbuka kupita sura ya mama yangu.

Profesa aliacha sanduku ya kreyo juu ya kiti. Kesho yake Mwalimu akanipatia: "Umurudishie. Mi sina tena kitu ya kujibu." Sikurudisha. Niliogopa Profesa ataniuliza amesema nini. Mwalimu alikufwa mu masika yenye ilifuata, na ku kilio yake Profesa alisimama nje ya lupango, ku barabara, juu alizani hatakiwi ndani.

Mara moya nilisema. Miaka mingi nyuma, tulikutana ku soko, yeye na mvi, mi na kitunga ya nyanya. Nikajipa nguvu, nikacheka kwanza sawa desturi yangu, nikasema: "Profesa, unajua kama mi njo nilichoma zile kaye?" Akaniangalia. Akacheka mpaka akashika meza ya mama wa nyanya. "Weye Ngoie, utakufwa na mizaha!" Akaenda, bado anacheka. Mi nikabaki na nyanya. Muntu akichekesha bantu maisha yote, siku analeta kweli, banaipigia makofi. Na nilifurahi kama hakuniamini. Ile pia niiandike, juu ni kweli.

Kisha ya kilio ya Profesa nilinunua kaye. Niliandika hii yote na mukono, mambo yenye umesoma mpaka hapa ku soko, na mabishano yenye ningali nayo mu kichwa, pengine kumi kati ya mamia. Nilifuta, niliandika juu ya kufuta, sikufanya propre. Niliacha ukingo mukubwa. Nikapelekea Kapinga kule Golf, nikamupatia ku mulango, nikakimbia. Kukimbia ni neno tu, na magoti hii, nilitembea haraka.

Alinikalisha wiki mbili kumungoja. Nilizani ameitupa, au amemupatia yule mwalimu kijana juu asome mbele ya bantu, na mara zote mbili nilisema: ni haki. Kisha akakuja yeye mwenyewe, ku kwangu ku Katuba, akaweka kaye ku meza yangu, hakuikala. Hakulia, hakunitukana. Alisema tu: "Nimeisoma, Mama," na akatoka. Nilifungua. Pa kanya, aliandika mu ukingo na biki ya bulu: *Bongo. Papa hakutumikisha kanya hata siku moya, aliichukiaka.* Pa nyoka: *Hii alikuwa anatuambia, lakini alisema asema ni ya kwake.* Nilicheka. Kisha nikafika pale nimeandika *Profesa alikamata, Papa*. Pale aliandika maneno tatu: *Juu ya nini?*

Hakuna kitu ingine chini. Ukingo yote ku ule ukurasa ni mweupe.

Siku ine naangalia ule weupe. Niliandika mu kichwa: juu niliogopa kufukuzwa ku kazi. Haiko ile, kazi yenyewe iliisha zamani na bado nilificha. Juu nilikuwa mutoto. Haiko ile, ku soko nilikuwa bibi muzima. Jibu sina bado. Lakini leo asubuyi nilipanda ku kiti, nikashusha ile sanduku kidogo ya kreyo kutoka juu ya kabati. Kumi na mbili, haijaguswa. Nilichonga moya na kisu ya jikoni.